Chumba cha Kulinganishia

9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yametulia na paa la jikoni limeacha kuvuja. Huku sisi wazima. Baba mtoto anakusalimu sana, mgongo wake bado unamsumbua na bado hataki kumwona daktari, kwa hiyo kwa hilo mnafanana wewe na yeye.

Mwanetu Babu ameota meno mawili ya chini na anamng'ata kila anayempenda. Ameanza kutambaa pia. Hatambai kama watoto wenzake, anajiburuta kwa kiwiko kimoja, na chochote anachokikuta sakafuni kinaishia mdomoni. Kifungo, ganda la kitunguu, juzi soli ya kiatu changu. Tulimpa jina la baba tukidhani ni heshima tu, kumbe tumemkaribisha mwenyewe, maana ukaidi ni uleule.

Nimeomba likizo ya mwezi wa kumi. Nataka kumleta kwako. Nataka aijue nyumba niliyokulia, nawe uache kumpenda kwa picha. Nimeota mara nyingi tumekaa sebuleni, wewe unamsema na yeye hasikii.

Sasa kuna jambo naomba, na usikasirike kabla hujafika mwisho wa ukurasa. Kazi yangu unaijua, ingawa majirani unawaambia mimi ni daktari wa nyumba. Mtu akihamia mahali na ana wasiwasi, tunakwenda na shashi iliyoloweshwa spiriti, tunapangusa sakafu, meza, kingo za madirisha, tunairudisha maabara, na mashine inatuambia kama kuna dawa ya wadudu na ni kiasi gani. Nje, dawa huliwa na jua na mvua. Ndani ya nyumba hakuna cha kuila. Inakaa miaka, haionekani, hainuki. Mtu mzima anapita juu yake na viatu vyake. Mtoto anayetambaa anailamba.

Na baba alikuwa mpiga dawa maisha yake yote. Namkumbuka akirudi kutoka maghalani, bomba mgongoni, mikono ameinua juu kama mtu aliyekamatwa. Nilikuwa namkimbilia, naye anarudi nyuma: "Usinishike. Ngoja kwanza niwe mtu." Anazunguka nyuma ya nyumba, anajisugua mpaka viwiko vinakuwa vyekundu, nguo za kazi anazianika kamba yake peke yake, ndipo ananibeba. Najua alikuwa mwangalifu. Lakini miaka yote ile, Shangazi, na kile kiti chake, na vile viatu mlangoni. Naomba tuipime nyumba kabla hatujaja.

Nakuomba tu, silazimishi.

Mwanao

---

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti hayajambo kuliko mwenye nayo. Paa linavuja palepale, nimeliwekea sufuria na sasa tumezoeana. Jirani yetu fundi cherehani amepata miwani mipya na amegundua kwamba miaka yote hii alikuwa akishona mapindo yamekwenda upande. Wateja wake hawajagundua, kwa hiyo amenyamaza, nami nimenyamaza, isipokuwa kwako.

Barua yako niliisoma mpaka mwisho wa ukurasa kama ulivyoagiza, ndipo nikakasirika.

Nyumba hii niliingia kukaa siku chache tu mama yako alipofariki, nimsaidie kaka mpaka apate mtu, na mpaka leo sijafungasha. Nimeipiga deki kila asubuhi. Wewe mwenyewe ulitambaa humu humu, ukala udongo wa kwenye chungu cha maua, ukala sabuni, na leo una digrii. Sasa nyumba ipimwe kama mgonjwa, makarani waambiane huko kwamba kwa fulani kuna sumu. Kaka yangu hayupo wa kujitetea.

Na nikwambie ukweli. Kama hutaki kuja, sema hutaki kuja. Mwaka juzi ilikuwa kazi, mwaka jana mimba, mwaka huu ni sakafu. Mimi ni baba yako wa kike, nimekufunga nepi, hunizungushi.

Nilikaa na hasira zangu siku kadhaa. Halafu nikamfikiria kakangu mdogo anavyolamba soli. Haya, leta hizo shashi zako. Ila kwenye simu usinipigie kwa jambo hili. Kwenye simu wewe unaongea haraka na mimi nasema ndiyo ndiyo kabla sijaelewa nimekubali nini. Andika, nisome, nirudie.

Mbusu hayo meno mawili.

Shangazi yako

---

15 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na asante. Nilicheka pale kwenye miwani ya fundi mpaka baba mtoto akaja kuuliza kuna nini. Babu sasa anasimama akishikilia meza, anaanguka, anapiga kelele za hasira, kisha anasimama tena. Nakuja, Shangazi. Huo ndio ukweli wote. Siku zingine hapa nasikia mlango wa jirani ukilia na nadhani ni ule wetu wa nyuma, naacha ninachofanya kabisa.

Kwenye kifurushi utakuta vichupa vyenye shashi ndani, glovu, fremu ya karatasi ngumu yenye tundu la mraba katikati, na vibandiko. Kila kichupa tayari nimekiandika mahali pake. Vaa glovu mpya kila mahali. Weka fremu, pangusa ndani ya tundu tu, kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka juu kwenda chini, kunja shashi, rudisha kichupani, funga. Sebuleni sakafu, jikoni meza, chumba cha baba sakafu, na mkono wa kiti chake, ule wa kulia. Usifagie wala usipige deki kabla, tafadhali, iache nyumba kama ilivyo.

Halafu kuna vichupa viwili vya chumba changu. Kazi yetu ina kanuni: ukipima mahali unapopashuku, pima na mahali unapojua ni safi, upate cha kulinganishia. Nimechagua chumba changu kwa sababu baba hakuwahi kuingia humo na nguo za kazi. Hata nilipokuwa na homa alisimama mlangoni mpaka awe ameoga. Na tangu niondoke, uliniambia, kimefungwa. Pangusa ukingo wa dirisha na ubao wa kichwani mwa kitanda.

Nimeandika jina la chumba hicho kwenye kibandiko na nimekaa nacho mkononi muda. Siku niliyoondoka kwenda masomoni, baba alisema kuna ghala linamsubiri. Wewe ndiye uliyenisindikiza stendi. Miaka yote baadaye hakuniandikia hata mstari. Zile salamu zake chini ya barua zako zilikuwa kwa mwandiko wako na kwa maneno yako. Mimi sisemi kitu, nimekumbuka tu.

Vichupa vikae mahali penye ubaridi mpaka uvipeleke posta.

Anayekupenda

---

6 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo huku, mvua zimeanza na sufuria langu la jikoni linapata kazi. Fundi cherehani ameanza kushona sawasawa na wateja wanalalamika kwamba nguo hazikai kama zamani.

Kifurushi kimeondoka leo. Nimevaa glovu, nimeweka fremu, nimepangusa upande na upande kama ulivyosema, mgongo umeniuma siku nzima. Fundi alichungulia dirishani akaniuliza natafuta nini sakafuni. Nikamwambia ni mambo ya serikali, akaondoka haraka. Wakubwa zako wa maabara hawatakuwa na la kusema, nyumba inang'aa mpaka unajiona.

Chumba chako nacho nimekipangusa. Mlango uligoma kidogo kwa ajili ya mvua. Kuhusu chumba hicho sina la kuongeza.

Nimenunua neti ya mtoto, ile ya kukunja kama mwavuli. Fundi anasema nimewahi sana. Mwezi wa kumi si mbali.

Shangazi yako

---

4 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, ila Babu alipata mafua na sasa amepona na ametuachia sisi.

Majibu yametoka na yamenichanganya. Nilitaka kukuandikia siku ileile nikashindwa.

Sebuleni hakuna kitu. Jikoni hakuna. Chumba cha baba hakuna. Mkono wa kiti chake, mahali alipoweka mkono miaka yote ile, hakuna chochote. Na chumba changu, kile cha kulinganishia, ndicho kichafu. Ukingo wa dirisha umepita kiwango tunachokiruhusu kwenye nyumba yenye mtoto, na ubao wa kitanda umeupita huo mbali sana. Mkuu wa maabara aliniuliza kama hicho ndicho chumba walichokuwa wakihifadhia mabomba. Nilimwambia ni nyumba ya mteja.

Nimewaza hivi. Labda vichupa vilibadilishana, ukaweka shashi ya kiti kwenye kichupa cha kitanda. Inatokea, hata kwetu inatokea, na wala sikulaumu. Kama sivyo, basi kuna jambo jingine. Kama baada ya mimi kuondoka mlikigeuza chumba changu stoo ya dawa na mabomba, niambie tu. Nyumba ilikuwa yake na nafasi ilikuwa ndogo. Mtu akiondoka ameondoka, kitanda chake kinawekewa vitu. Sitaumia.

Nitaumia, Shangazi, lakini niambie.

Mpaka nijue, siwezi kumleta mtoto. Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara nyingi. Tarehe za likizo ninazo mfukoni na natembea nazo.

Mwanao

---

8 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako na posta wananiambia barua yangu ilifika. Najua kunyamaza kwako. Utotoni nikikosea ulikuwa unanyamaza mpaka wali unaungua.

Kama nimekukosea kwa lile la vichupa, nisamehe. Nilimpigia fundi cherehani kwa ajili hiyo tu. Anasema uko mzima, unakwenda sokoni, na ukiulizwa habari zangu unasema nzuri. Babu amepiga hatua ya kwanza kuelekea kwa paka wa jirani, paka akahama.

Niandikie hata ukinitukana. Nimekukumbuka sana, na siku hizi nikipangusa nyumba za watu najikuta natazama picha zao ukutani badala ya kazi.

Mwanao

---

27 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na paka huyo ana akili.

Sikunyamaza kwa hasira. Ya kuambiwa nimechanganya vichupa ilinikera, ndiyo, maana mimi niliwahi kupanga dawa za wagonjwa zahanati kabla hujazaliwa na hakuna aliyekunywa ya mwenzake. Lakini hilo liliisha siku ileile. Nilinyamaza kwa sababu kukujibu ni kuvunja neno nililompa mtu, na mtu mwenyewe hayupo nimwombe ruhusa. Nimezunguka na barua yako nyumba nzima. Nimeiweka mpaka chini ya mto, kana kwamba atakuja mwenyewe aniambie.

Kwanza la deki. Uliandika nisipige deki. Nilisoma, tena nilisoma mara mbili. Lakini watu wasiotujua wafungue kichupa wakute uchafu wa nyumba yetu, mtoto wetu akiwa anafanya kazi hapohapo? Niliona haya. Nilipiga deki sebule, nikasugua meza ya jikoni, chumba cha kaka nikakipiga mara mbili, kiti nikakisafisha kwa brashi na sabuni ya kufulia mpaka rangi ikapauka. Ndipo nikapangusa kwa shashi yako. Ulichopima ni sabuni yangu.

Chumba chako sikukipiga deki. Huwa sikigusi. Nilifungua, nikapangusa pale uliposema, nikafunga. Vichupa havikubadilishana.

Na hapakuwa stoo. Hakuna siku bomba limevuka mlango ule, Mungu ni shahidi yangu. Mabomba yalilala kwenye banda la nje mpaka anakufa, na kitanda chako hakikuwekewa hata mkoba. Jambo ni hili.

Siku uliyoondoka hapakuwa na ghala lolote. Alizunguka mtaa wa nyuma mpaka basi lilipopita, akarudi. Kesho yake akaenda kazini kweli, na jioni nikamsikia anaingia, nikangoja nisikie maji nyuma ya nyumba. Sikusikia. Nikatoka. Mlango wa chumba chako ulikuwa wazi, na yeye amekaa kitandani kwako na nguo zote za kazi, na glovu amezivua, ameushika ule ubao wa kichwani kwa mkono mmoja kama anautuliza. Anatazama dirishani, upande wa barabara ya stendi.

Nilimpigia kelele. Nikamwambia toka, kaoge, utaleta uchafu wako mpaka humu. Unajua nilivyo. Hakuinuka. Alisema, "Nioge kwa ajili ya nani? Mtoto hayumo."

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yake. Anarudi, anapitia chumbani kwako kwanza, anakaa, anainuka anakwenda kuegemea dirisha, halafu ndipo anaoga na kula na kuwa mtu. Miaka yote, mpaka kifua kilipomlaza. Akanifunga mdomo. Alisema, "Akijua ataacha masomo arudi, na mimi sitaki arudi kwa ajili yangu." Nikamwambia basi mwandikie hata mistari miwili. Akasema akianza kuandika ataandika "njoo".

Salamu nilikuwa nazitunga, ndiyo. Baba anakusalimu, baba anasema ule vizuri. Nilimtungia maneno ambayo mdomo wake uligoma kuyatoa. Lakini hili la chumbani sikulitunga, na sasa naona mashine yenu nayo imelikuta.

Ulipokuja mazishini nyumba ilijaa watu, nikakulaza kwa fundi. Ulidhani ni kwa ajili ya nafasi. Sikutaka ukalale pale, usije ukaniuliza kwa nini ubao wa kitanda umepauka upande mmoja.

Sasa umejua. Mtoto asiletwe kwenye sumu, nimekuelewa, na wala sitasema tena kwamba unatafuta sababu. Niambie tu nisugue na nini. Ila usiniharakishe. Nikishika ndoo nafika mlangoni kwako narudi.

Shangazi yako

---

14 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako niliifungulia kazini, kosa langu. Ilibidi nikae chooni mpaka msaidizi wangu akagonga akidhani nimeugua.

Nimefanya kazi hii miaka na nimeona namba nyingi, na zote zilikuwa uchafu wa watu. Ile karatasi ya majibu yetu nimeitoa tena kwenye faili. Ukingo wa dirisha, ubao wa kitanda. Niliketi nayo kama mtu aliyeandikiwa, maana ndilo neno pekee nililowahi kupata kutoka kwake kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa anakaa pale, na mimi huku namnunia. Nilimnunia mpaka akafa, Shangazi, na kila jioni alikuwa chumbani kwangu.

Mkuu wa maabara amesema kwa kiwango kile njia ya kawaida ni kuondoa kitanda chote na kupaka rangi upya. Nikamwambia nitamwarifu mteja.

Usiguse chochote. Usiingie hata na ndoo. Godoro hilo amelikalia na nguo za kazi, usilikalie, na ufunge mlango. Kuna sehemu yangu nataka kuiacha hivyohivyo milele na kulipa kila mtu apite mbali nayo. Lakini Babu amejifunza kupanda vitanda. Akifika atakwenda pale pale, atashika ubao uleule kwa sababu ndio urefu wake, kisha mkono mdomoni. Baba alisimama mlangoni kwangu na homa yangu yote asinishike na mikono ile. Hawezi kutaka imshike mjukuu wake.

Nimekata likizo vipande viwili. Nakuja mwezi ujao peke yangu, bila mtoto, nije nioshe mwenyewe. Ni mimi niliyemfanya asioge, basi maji niyachote mimi.

Nichemshie maji mengi.

Mwanao

---

19 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nilifika salama na mkoba wako wa karanga, ambao baba mtoto ameumaliza bila aibu. Babu alinikagua kama mgeni, kisha akakubali. Mikono yangu imechubuka bado, maana glovu zile hazikutosha kwa siku zote tulizosugua. Yako vipi? Nilikukataza kusugua na ulisugua, usidhani sikuona.

Namshukuru yule seremala uliyemwita kwa kupiga randa ubao wa kitanda bila kuuliza maswali. Godoro tulilitupa, mapazia tumeyatupa, ukingo wa dirisha tumeupaka rangi. Kuna jambo sikukuambia pale. Seremala alipoanza, nilichukua utepe mmoja wa mbao iliyorandwa, ule wa upande uliopauka, nikaukunja nikautia kwenye mfuko wa koti. Mimi, mwenye kazi ya kuwakataza watu. Nilikuwa nao mfukoni tulipokaa kula jioni. Ukanipa mkate, nikanyoosha mkono ule ule kuupokea, nikakumbuka. Nilitoka nje kunawa na nikautia kwenye gunia pamoja na mengine. Uliniuliza mbona nimekawia, nikasema natafuta sabuni.

Shashi nilizopangusia siku ya mwisho, safari hii wewe ukiwa umefungiwa kwa fundi usije na deki yako, zimepita mashine jana. Nilizipitisha mwenyewe. Sebule, jikoni, chumba cha baba, kiti, vyote vizuri. Chumba changu nilikiacha mwisho. Dirisha hakuna kitu. Ubao wa kitanda hakuna kitu.

Ndiyo majibu tuliyokuwa tunayaomba. Mkuu wa maabara alinipongeza, akasema mteja atafurahi. Nimeitazama ile karatasi, mahali palipokuwa na namba kubwa pana mstari mtupu. Nyumba ni salama, na ndani yake baba hayumo tena. Nilisema asante, nikavaa koti, nikatembea mpaka kituo cha basi kinachofuata badala ya changu.

Tarehe kumi na mbili ya mwezi ujao, kama bado unatutaka.

Mwanao

---

1 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Swali la kama nawataka sitalijibu, limeniudhi.

Mikono yangu haijambo. Fundi ameshona mapazia mapya ya chumba chako na yamekwenda upande, amerudia ya zamani, anasema wateja wameshinda. Godoro jipya nimeshalilalia mimi kwanza nione kama linauma.

Umeandika kwamba hakuna kitu. Nilipofika hapo niliweka barua chini, nikaenda chumbani kwako nikakaa kitandani, upande wa kaka. Nikashika ubao. Umekuwa laini, unanuka mbao tu. Nililia kidogo, na sikuona haya, maana hapakuwa na mtu. Halafu nikashangaa najua cha kufanya. Yeye alikuwa anangoja hapa mtu aje ndipo aoge. Basi tumeshamwogesha, na mtu anakuja.

Kwa hiyo msichelewe basi. Mlango wa chumba nimeuacha wazi na sitaufunga. Mlete Babu apande kitandani na mikono yake, hata kama imejaa maziwa, ashike ubao ule, ashike dirisha, ashike kila mahali. Tambara la deki nimelificha.

Shangazi yenu